Vim, Emacs au VS Code: tubishane juu ya nini hasa?

Vim, Emacs na VS Code ni vihariri, yaani programu za kuandikia msimbo. Zamani ubora wa kihariri ulitegemea lugha unayotumia kuandika programu, kwa sababu kila kihariri kilifundishwa kivyake kuielewa kila lugha. Vihariri 10 kwa lugha 20 ni viunganishi 200. Mwaka 2016 Microsoft ilitangaza itifaki ya LSP (Language Server Protocol), na hesabu ikabadilika: kila lugha iwe na seva yake moja (programu inayoielewa lugha hiyo), na kihariri chochote kiiulize jina hili limetangazwa wapi, kosa liko mstari gani. Zile kazi 200 zikawa 30. Neovim, tawi la Vim, iliiweka LSP ndani yake katika toleo la 0.5 mwaka 2021, Emacs ikaingiza Eglot, kifurushi cha LSP, katika toleo la 29 mwaka 2023. Kwa hiyo hoja kwamba ni VS Code pekee inayoelewa msimbo wako imepitwa na wakati.

Kinachostahili kubishaniwa ni namna mikono inavyohariri.

Hapo Vim ina jambo zito: sarufi. Katika hali yake ya kawaida herufi ni amri: kitenzi kwanza, kisha kinachotendwa. `d` ni futa, `c` ni badilisha, `y` ni nakili, `iw` ni neno, `i"` ni kilichomo ndani ya alama za kunukuu, `ap` ni aya. Weka kishale popote ndani ya "habari", bonyeza `ci"`, andika maneno mapya, kisha Esc. Nenda kwenye nukuu nyingine, bonyeza nukta: badiliko zima linajirudia. Wengi huiharibu faida hii bila kujua. Ukitumia vitufe vya mishale ukiwa bado katika hali ya kuandika, Vim hulikata badiliko, na nukta hurudia kipande cha mwisho tu. Toka kwa Esc kwanza, ndipo utembee.

Esc yenyewe ina lawama nyingi. Bill Joy aliandika vi, kihariri ambacho Vim ilitokana nacho, kwenye terminali ya ADM-3A, ambayo Esc yake ilikaa mahali ilipo Tab leo, na mishale ilichorwa juu ya h, j, k na l. Kibodi zimebadilika, vi haikubadilika. Hamishia Esc kwenye Caps Lock. Kwa Emacs hamishia Ctrl hapohapo, kidole cha mwisho kitapumzika.

Kama Esc inachelewa kuitika, mara nyingi tatizo huwa ni tmux, programu ya kugawa terminali moja katika madirisha mengi. Vitufe vya mishale hutuma mfuatano unaoanza na Esc, hivyo programu husubiri ijue kama kuna kinachofuata. Matoleo ya zamani ya tmux husubiri milisekunde 500. Andika `set -sg escape-time 10` katika `.tmux.conf`, na `set ttimeoutlen=10` katika `.vimrc`.

Emacs naiheshimu kwa sababu nyingine: karibu yote unayoyaona ni msimbo wa lugha ya Lisp, na unaweza kuibadilisha ikiwa inaendelea kufanya kazi, bila kuifunga. Ikiwa nzito baada ya kuwasha LSP, usikimbilie kuilaumu seva. Kwa miaka mingi Emacs ilisoma majibu ya seva kwa vipande vya baiti 4096, ilhali jibu moja linaweza kuwa kubwa mara mamia. Weka `(setq read-process-output-max (* 1024 1024))`.

VS Code humfaa anayeanza leo na kutaka kufanya kazi leoleo. Sioni aibu yoyote hapo. Hula kumbukumbu nyingi kwa kuwa ndani yake mna Chromium nzima, msingi wa kivinjari cha Chrome. Hata kuhariri faili za mbali kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao) ni rahisi, ila husakinisha seva yake upande wa pili, na matoleo ya sasa huhitaji glibc (maktaba ya msingi ya Linux) toleo la 2.28 au zaidi. Kwenye mashine ya zamani isiyotimiza sharti hilo utabaki na vi, ambayo imo katika POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix. Kwa hiyo hata mpenzi wa VS Code ajue angalau `i` ya kuanza kuandika, Esc, `:wq` ya kuhifadhi na kutoka, na `:q!` ya kutoka bila kuhifadhi.