Sanduku la bati libaki nyumbani

Nikisema natunza nyaraka, watu wengi hapa Kisumu hudhani niko makumbusho au kwenye jengo la serikali. Niko kwenye shirika dogo lisilo la kiserikali. Tunazunguka majumbani, misikitini na kwenye vikundi vya kina mama, tukiwasaidia watu watunze kumbukumbu zao wenyewe. Nilianza kama karani wa masijala, nikifungua majalada na kuyapa namba, na nilidhani nimeshajua kila kitu kuhusu karatasi.

Sanduku moja la Kibos lilinifunza vingine. Kibos, pembeni mwa mji wa Kisumu, wanaishi Wanubi, wajukuu na vitukuu vya askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, KAR (King's African Rifles). Mzee mmoja alitukabidhi sanduku lake la bati tukaliskani mjini. Tulimwambia wiki mbili. Mashine ikaharibika, fundi akasubiri kipuri, mwezi wa pili ukaisha. Katikati ya hapo mjukuu wake akaenda kuomba kitambulisho, kamati ya kuhakiki uraia ikataka ushahidi wa ukoo. Cheti cha babu cha kumaliza utumishi jeshini kilikuwa kwenye kabati letu. Mzee alipanda matatu akaja mwenyewe. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, nyinyi mnaita historia. Sisi tunaishi nayo."

Tangu siku hiyo sanduku halitoki. Sisi ndio tunaohamia kwake na vifaa vyetu. Daftari lililoshonwa hatulibani kwenye skana, mgongo utapasuka. Tunalipiga picha kutoka juu, kamera ikiwa kwenye stendi, karibu na dirisha ila jua lisiliguse. Pini tunazitoa taratibu, maana kwa unyevu wa ziwa hili kutu inakula karatasi. Picha tunaiandika nyuma kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino. Sanduku lenyewe ni zuri, panya na mchwa hawaliwezi, ila likikaa sakafuni bati linatoa jasho, kwa hiyo tunaliinua juu ya matofali na kufunga karatasi kwa kitambaa cha pamba badala ya nailoni. Na nakuomba, usiipeleke karatasi ya zamani dukani ikatiwe plastiki kwa moto. Najua inapendeza. Plastiki ile haibanduki tena bila kuumiza karatasi, na moto wenyewe unaizeesha.

Kaseti ni ugomvi mwingine, hasa na wafadhili wanaopenda kuhesabu. Kaseti ya saa moja inataka saa moja ya kusikiliza, hakuna njia ya mkato, na kabla ya hapo unasafisha kwa spiriti hedi ya redio, kile kichuma kinachosoma kanda. Tukihifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya kilohezi 96 na biti 24, stereo, saa hiyo inachukua takriban gigabaiti 2. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu, haifai kuwa nakala mama. Halafu kuna kazi ambayo haiingii kwenye jedwali la ripoti: kukaa na mama mwenye kaseti hadi akwambie nani anaimba, ni matanga ya nani, na sehemu ipi asingependa mgeni aisikie. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka ridhaa ya jamii kabla ya kutumia mali hiyo. Mimi ridhaa naiomba mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya mwenyewe kusikiliza, kwa sababu watu hubadili mawazo wakisikia sauti zao wenyewe.

Wenzangu wachanga wakiniuliza kwa nini nashikilia hivi, huwataja Wakipsigis. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo zao, kanda zikatunzwa Afrika Kusini. Zilitunzwa vizuri, sikatai. Lakini nakala zilirudishwa vijijini baada ya zaidi ya miaka 60, na wengi waliokuwa wakiimba mle walikuwa wameshazikwa.

Mzee wa Kibos siku hizi ana daftari la kuazimisha. Ukitaka karatasi yake hata ya kutazama tu barazani, unaandika jina na tarehe. Jina langu ndilo la kwanza kwenye ukurasa, na kando yake ameandika kwa penseli, kama nilivyomfundisha: "Amerudisha. Amechelewa."