Dalili za matibabu ya kansa ukiwa nyumbani: apu ya simu inasaidia vipi? Maswali na majibu

Siku hizi wengi wanaotibiwa kansa hawalazwi. Asubuhi unawekewa dripu ya kimoterapia, yaani dawa kali za kuua seli za kansa, jioni uko kwako, halafu madhara yenyewe yanaanza siku za mbele huna hata nesi wa kumuuliza. Ndo maana kuna apu za kufuatilia dalili, na maswali kuhusu hizo apu ni mengi kwelikweli.

Hivi hiyo apu inafanya nini hasa?

Inakuuliza maswali, kila siku au kila wiki. Umetapika? Mara ngapi? Maumivu yapo, kidogo, ya wastani au makali sana? Wewe unabonyeza tu. Kama imeunganishwa na hospitali, jibu likionyesha hali mbaya nesi anapata taarifa na anakutafuta. Lakini kuna apu nyingine nyingi tu ambazo hazijaunganishwa na mtu yeyote, unajaza vizuri kabisa na hakuna anayesoma, zinabaki kama daftari lako. Daftari nalo lina faida, shida inakuja pale mtu anapodhani daktari ameshaona kumbe hajaona kitu. Kwa hiyo kabla hujaanza kutumia waulize kliniki: nikijaza, nani anasoma? Usiku je, na wikendi?

Kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo, tena mzuri. Dk. Ethan Basch na wenzake walifanya utafiti kwenye hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa wagonjwa 766 wenye kansa iliyosambaa waliokuwa kwenye kimoterapia. Kundi moja lilikuwa linaripoti dalili 12 kwa njia ya kompyuta, zikizidi nesi anapata ujumbe, na kundi lingine likaendelea na huduma ya kawaida. Ndani ya mwaka mmoja waliofika emajensi walikuwa asilimia 34 kwa wanaoripoti na 41 kwa wengine. Halafu 2017 yakatoka matokeo ya muda wa kuishi: wastani wa kati, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 31.2 kwa wanaoripoti dhidi ya 26 kwa wengine. Miezi mitano hiyo, na hakuna dawa mpya iliyoongezwa, ni dalili tu kusikika mapema, kichefuchefu kikatibiwa, dozi ikarekebishwa, mtu akaweza kuendelea na kimoterapia muda mrefu zaidi. Mimi hii kitu inanipa moyo sana.

Mimi sio mtu wa teknolojia, nitaweza?

Utaweza. Kwenye utafiti huohuo wale ambao hawakuwa na uzoefu wa kompyuta ndo walionufaika zaidi. Na mtoto au ndugu anayekuuguza anaweza kukushikia simu, ila majibu yatoke kwako maana anayeuguza mara nyingi anakisia maumivu tofauti na unavyoyasikia mwenyewe. Kama huna simu janja andika kwenye karatasi, tarehe, dalili na ukali wake, halafu piga simu kliniki.

Nijaze vipi ili isaidie kweli?

Jaza ukweli. Hapa ndo watu wengi wanakosea jamani. Mtu yuko siku ya tano baada ya dripu, ameharisha mara sita tangu asubuhi, maji yenyewe hayashuki, ikifika swali la kuharisha anabonyeza "kidogo" kwa sababu hataki kuonekana msumbufu, au anaogopa watampunguzia dozi au watamsimamishia kimoterapia. Apu haiwezi kujua, inapokea hiyo "kidogo" na nesi hapigi simu, na mwili unaendelea kuishiwa maji. Hakuna nesi wa kansa atakayekuona msumbufu kwa hilo, na dozi ikirekebishwa mapema mara nyingi ndo inayokuwezesha kuendelea na matibabu. Andika namba inapowezekana, mara ngapi, nyuzi ngapi, tangu lini. Hata ganzi ya vidole na vidonda vya mdomoni taja, usisubiri mpaka ushindwe kufunga vifungo vya shati ndo useme.

Nikipata homa nijaze apu nisubiri?

Hapana! Joto likifika nyuzi 38 au zaidi ukiwa kwenye kimoterapia piga simu au nenda hospitali muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku na hata kama unajisikia vizuri. Kimoterapia inashusha seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na hapo maambukizi madogo yanaweza kuingia kwenye damu ndani ya masaa. Uwe na themometa nyumbani, pima kabla ya kumeza panado kwa sababu panado inashusha joto na kuficha homa. Vilevile usisubiri apu ukibanwa na kifua, ukishindwa kupumua, damu isiyokata, kuchanganyikiwa, au kila unachomeza kinarudi.

Natumia dawa za kuamsha kinga ya mwili ishambulie kansa, sio kimoterapia. Ni sawa tu?

Apu inafaa pia, ila madhara ya hizo dawa yanaweza kuchelewa, wiki au miezi, hata baada ya kumaliza matibabu. Kuharisha, kikohozi kipya, vipele, vyote ripoti. Na usinunue dawa ya kuzuia kuharisha ukajitibu kimyakimya, maana inaweza kuwa ni utumbo unashambuliwa na kinga yako mwenyewe na hiyo ina dawa yake tofauti.

Taarifa zangu je, ziko salama?

Tumia ile uliyoelekezwa na hospitali kama ipo. Ukishusha nyingine mwenyewe angalia nani kaitengeneza na inaomba ruhusa gani, apu ya dalili haina kazi na majina yote uliyohifadhi kwenye simu yako. Weka nywila kwenye simu. Na ikikushauri uache dawa au uongeze dozi, usifuate mpaka uongee na daktari wako.