Sabufa yenye umeme wake kwenye risiva ya zamani: yanayosemwa na yalivyo

Arusha ina risiva kuukuu nyingi. Watu wa mashirika na miradi wakimaliza mikataba huuza vitu vya nyumbani kabla ya kuondoka, na humo hutoka yale maboksi meusi mazito ya sinema ya nyumbani, yanayoendesha spika, ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Kwa kuwa hayana tundu la HDMI, leo unayapata kwa bei ya maelewano, na sauti yake bado ni safi kuliko seti nyingi mpya za plastiki. Shida huanza mwenye nalo anapotaka besi, akanunua sabufa, yaani spika ya besi, yenye ampli ndani na plagi yake, kisha akaanza kuuliza mtaani inafungwaje.

"Kama haina tundu la sabufa, haiwezekani"

Geuza risiva uangalie mgongoni. Kuna vibanio vyekundu na vyeusi vya spika, na kando yake yamejipanga matundu ya RCA, yale yale ya waya wa AV. Ukiona moja limeandikwa SUBWOOFER au SUB PRE OUT, kazi imeisha: waya mmoja kutoka hapo hadi kwenye tundu la sabufa lenye maandishi LFE au LINE IN.

Risiva nyingi za enzi ya Dolby Pro Logic, mfumo wa sauti za sinema uliotoka mwaka 1987, hazina tundu hilo. Pro Logic ina njia nne: kushoto, kati, kulia na nyuma. Njia ya besi peke yake, yaani LFE, ilikuja na mfumo uliofuata, Dolby Digital, ulioanzia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 na kufika sebuleni baadaye. Kwa hiyo kwenye Pro Logic besi haijapotea. Imo ndani ya spika za mbele, nawe unaichukua huko huko.

Sabufa nyingi, ingawa si zote, zina vibanio vya waya wa spika vilivyoandikwa HIGH LEVEL au SPEAKER IN. Chomoa umeme wa vyote viwili. Vuta nyaya mpya kutoka vibanio vya spika za mbele vya risiva, kushoto na kulia, uzipeleke kwenye vibanio hivyo vya sabufa: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Spika zako za mbele zinabaki pale pale, zikichangia kibanio na waya mpya. Kabla ya kuwasha, inama uangalie ncha. Uzi mmoja wa shaba uliochomoza ukagusa kibanio cha jirani unatosha kupiga shoti na kuunguza ampli ya risiva. Mimi husokota kila ncha mpaka ikaze, ndipo naiingiza.

Kama risiva ni ya Dolby Digital lakini tundu lake la sabufa limekufa, njia hiyo hiyo inafaa, ila ingia kwenye menyu uweke spika za mbele LARGE na sabufa NO. Hapo besi yote, pamoja na ile ya LFE, huelekezwa kwenye spika za mbele, na sabufa inaipata. Ukiacha YES, milipuko ya filamu inakwenda kwenye tundu lisilo na waya.

Wapo mafundi ambao wakikosa tundu la sabufa huchomeka kwenye TAPE OUT. Sauti itatoka, ndiyo. Lakini tundu hilo lipo kwa ajili ya kurekodi kaseti, na sauti yake haifuati kizungushio cha sauti cha risiva. Saa tano usiku unashusha kwa rimoti, mazungumzo ya filamu yanakuwa ya kunong'ona, lakini besi inaendelea kugonga ukuta wa mpangaji mwenzako pale Ngarenaro vile vile kama mchana.

"Ukiongeza nyaya, risiva itaelemewa"

Haielemewi. Kazi nzito inafanywa na ampli ya sabufa, na kwenye vibanio inachukua ishara tu, mkondo mdogo mno. Kinachoelemea ni sabufa isiyo na plagi, kama ile iliyotolewa kwenye seti ya DVD ya 5.1, ya spika tano na sabufa moja. Hiyo ni spika tupu. Ukiifunga sambamba na spika za mbele, ohm, yaani ukinzani wa spika, zinashuka, risiva inachemka na pengine kujizima. Ukiipeleka kwenye SUB PRE OUT hutasikia kitu, maana tundu lile halina nguvu ya kusukuma koni.

Kosa la kinyume ni baya zaidi: mtu anachuna waya wa spika, anaufunga kwenye pini ya RCA na kuuchomeka LINE IN. Mlango huo umeundwa kwa volti chache tu, na kibanio cha spika sauti ikipanda hutoa mara kadhaa ya hapo.

"Lazima waya maalumu wa sabufa"

Waya wa njano wa AV uliokuja na king'amuzi unatosha, mradi si ule mwembamba kama uzi wa kiatu. Sabufa ikiwa na matundu mawili, tumia lile la kushoto au lenye neno MONO.

"Iko kimya, nimeuziwa mbovu"

Kabla hujapanda bodaboda kuirudisha, rudi kwenye menyu. Kama una waya kwenye SUB PRE OUT na spika za mbele ziko LARGE, muziki wa kawaida wa stirio unaweza usipeleke chochote kwenye sabufa. Weka SMALL na sabufa YES. Risiva ikikuruhusu kuchagua mpaka wa besi, yaani sauti za chini ya kiasi gani ziende kwenye sabufa, anza na 80 Hz, kiwango kinachotumiwa na THX, wanaoweka viwango vya sauti za sinema. Kisha kizungushio cha krosova, kinachoweka mpaka huo huo, kilicho kwenye sabufa yenyewe kipeleke mwisho wa juu, ili sauti isichujwe mara mbili.

Angalia na televisheni. Zenye tundu la optiko huunganika vizuri na risiva ya Dolby Digital, lakini zikiwekwa PCM, risiva hupokea njia mbili tu na LFE huachwa nje. Chagua Bitstream au Dolby Digital. Halafu kuna ile swichi ndogo nyuma ya sabufa: iko AUTO, na ishara ikiwa hafifu mashine inalala. Pandisha kiwango cha sabufa kwenye menyu ya risiva, punguza kwenye sabufa yenyewe, na itaacha kusinzia katikati ya filamu.

"Inavuma, kata pini ya ardhi"

Usikate. Pini ile ipo kwa ajili ya uhai wako. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mvumo huo kwa kawaida ni umeme huo huo ukizunguka kati ya vifaa. Chomoa waya wa RCA upande wa sabufa. Mvumo ukikatika, sabufa ni nzima. Rudisha waya, sasa fungua waya wa dishi au antena nyuma ya king'amuzi. Mara nyingi mvumo unaingilia huko. Kuchomeka risiva na sabufa kwenye ekstensheni moja nako husaidia.

"Stabilaiza itamudu"

Risiva iliyoletwa na Mmarekani ni ya volti 120, ya Japani ni ya 100, na soketi zetu hutoa 230. Soma kibandiko cha mgongoni kabla ya kuchomeka chochote, na usome cha sabufa pia, maana si lazima vifanane. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti. Isipokuwapo, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo uliozidi wati zilizoandikwa kwenye kifaa. Stabilaiza ya kawaida hutuliza umeme wa 230, haiushushi, isipokuwa ile yenye tundu la 110 pembeni. Hata na transfoma, kifaa cha 60 Hz kinaweza kuchemka zaidi kwetu, kwa hiyo usikifungie kwenye kabati.

"Iweke kona, fungua mpaka mwisho"

Kona huongeza besi, hilo ni kweli. Lakini kwenye chumba cha tofali na vigae chenye urefu wa mita 4, sauti ya karibu 43 Hz hujirudia kati ya kuta mbili na kuvimba, na noti za jirani yake zinapotea. Weka sabufa pale unapokaa, cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha zunguka ukiwa umeinama karibu na sakafu. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawa ndipo sabufa ihamie. Mwisho kuna swichi ya PHASE, 0 na 180. Kaa kwenye kochi, mwenzako aigeuze mara mbili tatu, na mbaki na upande ambao besi imejaa zaidi.