Mapunye kichwani mwa mtoto: maswali na majibu kwa wazazi wa Mtwara na Lindi

Mapunye yanasababishwa na nini?

Na fangasi wanaokula keratini, protini inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Afrika Mashariki wanaokutwa sana ni Trichophyton violaceum na Microsporum audouinii, na wote wawili hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Yupo pia Microsporum canis, anayeletwa na paka au mbwa. Mtazame paka mdogo mwenye vipara masikioni na usoni. Mapunye si kurogwa, wala si ushahidi kwamba mama ni mchafu. Mtoto anayeoga kila siku huyapata vilevile akinyolewa kwa mashine yenye mabaki ya nywele za mwenzake.

Mtoto anayatoa wapi?

Fangasi hukaa hai miezi kadhaa kwenye nywele na magamba yaliyodondoka. Kwa hiyo chunguza vinavyogusa kichwa zaidi ya kimoja: mashine ya kinyozi wiki ile ya Januari watoto wanapopangana foleni kabla ya shule kufunguliwa, kitana, mto, barakashia na ushungi wa kuazimana madrasa. Siku ya kunyoa watoto wa jando na unyago, wembe mmoja ukipita vichwa vyote huweza kuwaambukiza wengi kwa mara moja. Kila mtoto awe na wembe wake mpya. Tunawaomba makungwi na mangariba walisimamie hili, kwa sababu wao ndio wanaosikilizwa pale.

Mbona watu wazima hawayapati sana?

Baada ya balehe mafuta ya ngozi ya kichwa huongezeka, na asidi zilizomo huwazuia fangasi. Lakini mtu mzima anaweza kuwabeba bila dalili na kumwambukiza mtoto.

Nitayatambuaje?

Mweke mtoto juani, upekue nywele kwenye ukingo wa kipara. Utaona magamba meupe, vishina vya nywele vilivyokatika karibu na ngozi, au vidoto vyeusi pale nywele zilipokatikia usawa wa ngozi kabisa. Papasa kisogo na nyuma ya masikio. Mara nyingi kuna mitoki, yaani tezi zilizovimba. Kipara laini kisicho na magamba huwa ni ugonjwa mwingine. Nywele zilizonyonyoka kwenye paji kwa sababu ya misuko ya kubana si mapunye.

Nimepaka dawa mwezi mzima. Kwa nini hayaponi?

Kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina lake chini ya ngozi, na dawa ya kupaka haifiki huko. Kunyoa nako hakuwaondoi. Krimu zenye steroidi, kama betamethasoni, ndizo zinazodanganya zaidi: muwasho unapoa, fangasi wanaendelea kusambaa. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na utomvu wa ganda la korosho huunguza vibaya zaidi, kama anavyojua kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono.

Tiba ni vidonge. Griseofulvini hutolewa miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8. Mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 200 hadi 400, yaani vidonge viwili au vitatu vya miligramu 125. Mganga wa zahanati atakayempima ndiye ataamua. Mpe mtoto vidonge pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano wali wa nazi, kisamvu cha nazi au karanga, maana bila mafuta sehemu kubwa ya dawa hii hupita tumboni bila kufyonzwa. Terbinafini nayo hutumika, kwa kawaida wiki 4, na huwaweza zaidi Trichophyton kuliko Microsporum.

Wengi huachia njiani. Wiki ya pili muwasho umeisha, mzazi anaweka vidonge kabatini, na baada ya muda vipara vinarudi. Maliza dozi yote.

Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, mara mbili kwa wiki, iachwe kichwani dakika 5 kabla ya kusuuza. Haiponyi peke yake ila hupunguza kuambukiza, kwa hiyo waogeshe nayo na ndugu wanaolala naye.

Kinyozi asafisheje mashine?

Kwanza aondoe nywele zote kwa brashi, kwa sababu dawa haiui kilichojificha chini ya uchafu. Kisha afungue meno ya mashine, ayaloweke dakika 10 kwenye jiki ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 6, ayasuuze, ayakaushe na kuyapaka mafuta yasishike kutu. Vitana vya plastiki vilowekwe vivyo hivyo.

Kichwa kimevimba, kinauma na kutoa usaha. Je, ni jipu?

Huenda ni mapunye yaliyochachamaa. Usikamue, wala usikubali lipasuliwe kabla ya mganga kulichunguza. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Likichelewa huacha kovu, na juu ya kovu nywele hazioti tena.

Abaki nyumbani asiende shule?

Hapana. Akishaanza vidonge aende, ila kofia yake asimwazime mtu.