Chupa ya Maji Kwenye Mfuko wa Kichanga, na Dhana Nyingine za Kutoka na Mtoto

Fungua mfuko wowote wa mtoto unaoingia kliniki kwetu, vitu ni vile vile: pampasi, waipsi, poda, sweta, kofia ya sufu, na pembeni kabisa chupa ndogo ya chuchu yenye maji. Mtoto mwenyewe ana wiki sita, kaletwa chanjo. Ukiuliza maji ni ya nani, jibu halibadiliki: "Nesi, na joto hili lote la Dar, mtoto si ana kiu?" Nimelisikia kwa mama wa mtoto wa kwanza, kwa mama wa mtoto wa tano, kwa bibi aliyemsindikiza mkwewe, na kwa dada aliyesoma mpaka chuo kikuu. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Leo naliandika, na naanza na hiyo chupa kwa kuwa ndiyo inayoniuma kuliko vyote.

"Kwa joto hili, kichanga lazima apewe maji"

Hapana. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji, awe Dar mwezi wa pili, awe Dodoma kwenye upepo mkavu. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto akinyonya amekula na amekunywa. Ndiyo maana siku ya joto kali anataka titi kila mara: ananyonya dakika chache, anaachia, baada ya nusu saa analia tena. Maziwa yanayotangulia kutoka ni mepesi, na hayo ndiyo anayoyafuata, anakata kiu. Mama yeye anaona mtoto hashibi, anafungua zipu ya mfuko na kutoa chupa.

Jambo hili limeshapimwa. Utafiti uliofanyika Jamaika ukachapishwa mwaka 1978, na mwingine wa India uliochapishwa mwaka 1990, mahali penye joto kavu kuliko letu la pwani, uliangalia mkojo wa watoto walionyonyeshwa tu, bila tone la maji. Kama mwili ungekuwa na upungufu, mkojo ungekuwa mzito kupita kiasi. Haukuwa hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na halikuweka kifungu cha watu wa nchi za joto.

"Lakini nesi, nimeyachemsha." Sawa, umeyachemsha. Na chuchu je? Mara nyingi nakaa nikiangalia benchi la kusubiria. Chupa inadondoka sakafuni, inaokotwa, chuchu inapanguswa kwa upindo wa kanga, inarudi mdomoni mwa mtoto. Dakika kumi zilizopita ilikuwa imelala mfukoni ubavuni mwa pampasi iliyotumika. Baada ya siku mbili mtoto anaharisha, na watu wanasema ni meno. Meno ya wiki sita!

Hata chupa ingekuwa safi kabisa, bado ningekuomba uiache nyumbani. Tumbo la kichanga ni dogo, na pakijaa maji hapana tena nafasi ya maziwa. Ananyonya kidogo, na titi linalonyonywa kidogo hutengeneza kidogo. Wiki chache mbele mama huyo huyo ananijia na malalamiko kwamba maziwa yake yamekata, na yuko njiani kununua kopo la maziwa ya unga. Tukirudi nyuma hatua kwa hatua, tunakutana na ile chupa ya maji. Kibaya zaidi ni kwamba figo za kichanga hazijakomaa kiasi cha kutoa maji mengi. Akipewa mengi, sodiamu, yaani chumvi, kwenye damu inashuka, analegea, na anaweza kupata degedege.

Wapo wanaotia na glukosi, eti nguvu za safari. Glukosi ni sukari. Inamkata mtoto hamu ya kunyonya na haimpi kingine chochote.

Wapo wanaobeba maji kwa ajili ya kwikwi. Kwikwi ya kichanga haina madhara, inakuja na kwenda yenyewe, na ukimweka titini huwa inatulia. Bibi akitaka kumbandika uzi wa kanga kwenye paji la uso, mwache abandike, uzi haumfanyi mtoto kitu. Maji yanamfanya.

Na wapo wanaonionyesha ulimi mweupe kama ushahidi wa kiu. Ule weupe mara nyingi ni maziwa tu. Ukifuta kwa kitambaa safi ukaona hautoki, au ukaona umesambaa kwenye mashavu kwa ndani, huo huenda ni utandu wa fangasi, mlete tumpe dawa. Kiu haionekani ulimini. Inaonekana kwenye pampasi: kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, mtoto anayenyonya vizuri hukojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo wa rangi hafifu. Pampasi nyingi zina mstari wa manjano katikati unaogeuka bluu au kijani ukilowa, huna haja hata ya kuifungua. Mkojo ukipungua, ukawa wa rangi nzito, utosi ukabonyea, mtoto amelegea na hataki kunyonya, usitafute chupa, tafuta kituo cha afya kilicho karibu.

Tunachoruhusu chini ya miezi sita zaidi ya maziwa ni dawa, vitamini, chanjo ya matone na ORS (chumvichumvi za kukoroga kwa anayeharisha), navyo ni kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. "Dawa ya chango" ya dukani haimo kwenye orodha hiyo. Mtoto wa kopo naye maji yake yamo ndani ya maziwa, mradi umekoroga kwa kipimo kilichoandikwa. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni hatari ile ile ya sodiamu, pamoja na njaa.

Sasa sikiliza, chupa ya maji mimi naitaka kwenye mfuko wako. Naitaka ya lita moja, na naitaka uinywe wewe. Mama anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, amesimama kwenye daladala, anafika kwangu saa nne hajanywa hata chai, halafu anashangaa kichwa kinamgonga na mtoto anahangaika titini. Kunywa kila unapohisi kiu, na kila unapokaa kunyonyesha weka chupa karibu. Vaa blauzi ya vifungo au gauni linalofunguka mbele, ili usione kazi kunyonyesha ndani ya gari. Hilo gauni lina maana kuliko nusu ya vitu ulivyofungasha.

Mtoto akitimiza miezi sita maji yanaruhusiwa, yaliyochemshwa, na kwa kikombe. Kikombe unakiosha kwa sabuni na kukiona mpaka chini. Chuchu ya chupa huioni ndani.

"Nimekoroga maziwa asubuhi, yatafika mpaka jioni"

Hayafiki. Maziwa ya unga si bidhaa isiyo na vijidudu, hata kopo likiwa jipya limefungwa, na ukishayakoroga vuguvugu umewapa vijidudu chakula na joto wanalolipenda. Ukishakoroga, yatumike ndani ya saa mbili. Mtoto akishaanza kunywa, ndani ya saa moja, kwa sababu mate yameshaingia, kisha yanayobaki mwaga. Najua kopo ni ghali na kumwaga kunauma. Ndiyo sababu nasema koroga kidogo kidogo.

Namna ya kusafiri nayo ni hii: maji yaliyochemka yakae kwenye chupa ya chai inayotunza joto kweli kweli, unga uliopimwa ukae kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, na chombo cha kunyweshea kiwe kimechemshwa. Unakoroga pale pale mtoto anapotaka. Maji yanapokutana na unga yawe na joto lisilopungua nyuzi 70, maana joto hilo ndilo linaloua vijidudu vya kwenye unga wenyewe. Kisha unapoza chombo kwenye maji baridi na kuonja tone moja kwenye kiwiko kabla ya kumpa.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanastahimili zaidi, muda wa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Ndani ya daladala mchana wa Dar hakuna nyuzi 25. Beba kibegi cha barafu, humo yanakaa mpaka saa 24, au acha kukamua, mnyonyeshe huko huko mnakokwenda.

Uji wa lishe wa mtoto mkubwa una kasoro hiyo hiyo. Alfajiri ulikuwa wa moto, saa sita umekuwa vuguvugu, na mama bado anaumimina. Kwa kutwa nzima mimi napendekeza ndizi mbivu na parachichi. Vimefungwa na Mungu mwenyewe, vinamenywa pale pale, vinapondwa kwa kijiko safi. Nawashauri akina mama hivi kila siku na sitaacha.

"Pampasi ya masaa 12 inatosha safari nzima"

Hayo masaa 12 ni uwezo wa kunyonya mkojo. Ngozi ya mtoto haijui kilichoandikwa kwenye pakiti. Badilisha kila baada ya saa mbili au tatu, na akijisaidia haja kubwa badilisha papo hapo. Hesabu moja kwa kila saa mbili mtakazokuwa nje, ongeza mbili za dharura, na nguo kamili ya kubadilisha. Weka na blauzi yako ya akiba, kwa sababu mtoto akicheua hachagui nani alowe.

"Poda na sweta havikosekani"

Poda iondoe. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya mtoto, na likikutana na jasho linaganda kwenye mikunjo ya shingo na mapaja, tunakuja kuisafisha sisi. Hata Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya watoto ya talki duniani kote mwaka 2023. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kukinga matako.

Sweta ni la Njombe, Mbeya, Arusha mwezi wa saba. Dar mtoto anafika kliniki na sweta, kofia, soksi na blanketi juu, amejaa vipele vya joto, na mama anaomba dawa ya vipele. Mguse shingoni kwa nyuma au kifuani. Pakiwa na jasho, mpunguze nguo. Mikono na miguu ya kichanga huwa ya baridi, isikudanganye.

Badala ya blanketi beba doti moja ya kanga. Upande mmoja unautandika unapombadilisha, mwingine unajifunika unaponyonyesha, unamkinga jua, au unambebea mgongoni akikua. Zinakauka haraka na hazichukui nafasi.

"Kinyesi cha kichanga hakina uchafu, waipsi zinatosha"

Kinyesi cha mtoto mchanga kina vijidudu kama cha mtu mwingine yeyote, ingawa hakinuki sana. Waipsi zisafishe matako, zichague zisizo na manukato. Mikono yako inahitaji maji na sabuni. Ile dawa ya kupaka mikononi (sanitaiza) haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye uchafu unaoonekana kwa macho. Kipande cha sabuni ndani ya kikopo hakina uzito, kibebe.

Pampasi iliyotumika usiitumbukize kwenye choo cha shimo. Haiozi, shimo linajaa kabla ya wakati, na kwenye choo cha kuvuta inaziba bomba. Kinyesi kimwage chooni, pampasi ikunje kwa ndani, ifunge kwa gundi zake, itie kwenye mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, naambiwa hakuna pa kuitia. Mfuko uliokuja na mkate upo kila nyumba: uoshe, ukunje, weka miwili mitatu, kisha utupe kwenye pipa la taka ukifika.

"Kadi ni ya siku ya kliniki tu"

Kadi inalala kabatini, mtoto yuko Moshi kwa bibi Desemba nzima. Huko anatimiza miezi tisa, siku ya chanjo ya surua na rubela, au anapata homa usiku, na muuguzi wa huko hana uzito wake wa mwezi uliopita wala hajui amechanjwa nini. Kituo chochote kitamchanja wakiiona kadi, na wataandika humo humo. Itie kwenye bahasha ya plastiki isilowe na maziwa, ikae kwenye mfuko wa kutokea muda wote, usiitoe hata ukienda sokoni. Piga picha ukurasa wa chanjo na ule wa uzito, mtumie na baba yake, na kila chanjo mpya inapoandikwa piga nyingine.