Sekunde ya ziada kwenye seva za saa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Sekunde ya ziada huingia saa 6 usiku.
Ni sekunde moja inayoongezwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, ili iendane na mzunguko wa dunia. Huingia saa 23:59:60 ya UTC. Tanga tuko saa 3 mbele, kwa hiyo hapa ni saa 8 usiku, mwisho wa dakika ya 59, kukucha 1 Januari au 1 Julai. Anayekagua logi za ofisi ya bandarini saa 6 atazikuta safi, kumbe jambo lenyewe bado. Kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) za saa 9 kamili usiku, na wengi huweka bakapu saa hiyo, huangukia papo hapo. Zisogeze hadi 9:30.

Dhana: Haijatangazwa, basi hakuna cha kuangalia.
Hapa ndipo penye kazi kubwa. Taasisi ya IERS, inayofuatilia mzunguko wa dunia, hutoa taarifa mara mbili kwa mwaka, na tangu sekunde ya mwisho ya 31 Desemba 2016 haijatangaza nyingine. Hata hivyo, seva ya juu (ambayo nyingine huchukua saa kwake) yenye kipokezi cha GPS kibovu inaweza kuinua bendera, yaani onyo la sekunde ya ziada, ya uongo mwisho wa Juni au Desemba, na zinazoifuata zikarudi nyuma sekunde nzima.

Bendera hiyo ni biti 2 mwanzoni mwa pakiti ya NTP, itifaki ya kulandanisha saa mtandaoni: 00 ni kawaida, 01 dakika ya mwisho ina sekunde 61, 10 ina 59, na 11 seva haijalandanishwa. Mchana wa tarehe 30 Juni au 31 Desemba, kama unatumia programu ya saa ya chrony, endesha `sudo chronyc ntpdata`. Kila chanzo kisomeke `Leap status : Normal`. Kwa ntpd, programu nyingine ya saa, ni `ntpq -c "rv &1 leap"`, ukibadilisha namba kwa kila chanzo. Kinachotoa 01 bila tangazo kiondoe kwenye `chrony.conf` au `ntp.conf`, kisha anzisha upya huduma. Weka vyanzo vinne. Vikiwa viwili na vimepishana, hakuna wa kuamua.

Dhana: Seva yoyote ya saa huchanganyika na nyingine.
Si zote. Za Google huinyunyiza sekunde hiyo kwa saa 24, hapa kwetu kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 9 alasiri ya kesho yake. Katikati hupishana na za kawaida kwa nusu sekunde, na `ntpq -pn` huweka alama ya x kwa inayoonekana mwongo. Chagua kundi moja.

Dhana: Mashine ikilemewa, dawa ni kuizima na kuiwasha.
Usiku wa 30 Juni 2012 mashine nyingi za Linux zilijaza prosesa. Kiini cha Linux (kernel) kiliongeza sekunde bila kuviarifu vipima muda vyake, vikabaki mbele sekunde moja, na programu zilizoomba kulala kwa muda mfupi zikaamshwa hapo hapo, tena na tena. `date -s "$(date)"` ilitosha kuviweka sawa. Viini vya sasa vimerekebishwa. Mashine ya zamani iliyosahaulika stoo ndiyo ya kukagua toleo la kiini chake kwa `uname -r`.