Hataza ya Kijidudu: Friji ya Chuo si Amana

Kila msimu wa kuhamasisha miliki bunifu, lalamiko ni lilelile: ofisi za hataza (patenti) zinataka wavumbuzi watoe siri zote. Naam, zinataka. Hataza ndiyo malipo ya siri hiyo. Unapewa miaka 20 ya kuwazuia wengine, na wewe unaufundisha umma kazi yako. Anayetaka kuficha afiche, ila asije kuomba hataza.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 kinataka maelezo kamili na ya wazi, kiasi cha kumwezesha mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo kuutumia uvumbuzi na kuutathmini. Kwa mashine, michoro na vipimo hutosha. Kwa bakteria uliyemtoa katika chemchemi za moto za Ziwa Bogoria havitoshi. Hata ukitaja joto na lishe uliyomkuzia, atakayechota matope palepale hana hakika ya kumpata yuleyule. Ndiyo maana kifungu hicho kinaihesabu amana ya vijidudu, yaani sampuli iliyowekwa mahali pa kuitunza, kuwa sehemu ya maelezo.

Amana ina utaratibu wake. Chini ya Mkataba wa Budapest wa 1977, sampuli hupelekwa katika taasisi inayotambuliwa, kama DSMZ ya Ujerumani au ATCC ya Marekani, nayo hutoa stakabadhi na namba. ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika ambalo Kenya ni mwanachama, linaitambua amana ya namna hiyo. Sampuli hutunzwa angalau miaka 30, na angalau miaka 5 tangu mtu wa mwisho aiombe. Ikifa, mwenye amana ana miezi 3 ya kuleta nyingine tangu aarifiwe. Friji ya maabara ya chuo haimo katika utaratibu huu, hata iwe na jenereta.

Kuna pia madai, yaani mipaka ya haki unayoomba, yaliyo mapana mno. Kampuni ya dawa ya Amgen ilieleza kingamwili 26 kwa mfuatano wa asidi-amino, kisha ikadai zote zinazoshika protini ya PCSK9 na kuizuia isipandishe lehemu (kolesteroli). Tarehe 18 Mei 2023, majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliikatalia. Hukumu hiyo haiifungi Kenya, lakini mkaguzi popote atakuuliza: hizo nyingine mtu atazipataje bila kuanza utafiti upya?

Usitegemee kujazia baadaye. Marekebisho hayaruhusiwi kuvuka yaliyomo katika ombi la awali, kwa hiyo ni salama amana itangulie ombi. Na hata hataza ikitolewa, mwenye maslahi ana miezi 9 tangu itangazwe kuliomba Baraza la Mali ya Viwanda, linaloamua migogoro ya aina hii, liifute kwa upungufu wa maelezo.